Kasongo na Kabambare: haki za makabila madogo na milango ya ukanda isiyofunguka

Mtu akifukuzwa kwenye shamba lake huko Kabambare, akipigwa ao akiuawa kwa sababu ya kabila lake, familia inaweza kulalamika wapi? Swali ni fupi, jibu ni refu. Kwenye karatasi milango iko mingi: parke, mahakama ya kijeshi, Tume ya Afrika, mahakama mbili za Arusha, mikataba ya Maziwa Makuu. Lakini kwa mkaaji wa Lusangi, Wamaza ao Salamabila, mingi iko mbali, mingine imefungwa, na mmoja unajifunga baada ya miezi 2 tu.

Katika ukurasa huu tunaeleza watu gani wanahusika, mambo gani yanawapata, sheria inasema nini, na kwa nini majibu ya jumuiya za ukanda wetu yamekuwa dhaifu. Mwishoni tunaeleza mambo ambayo mkaaji anaweza kufanya ili shauri lake lisipotee.

Tunaongelea watu gani?

Kasongo iko upande wa Lualaba, Kabambare iko mashariki yake. Kabambare inapakana na Fizi katika Kivu Kusini, na Nyunzu na Kongolo katika Tanganyika. Ndiyo maana vita ya jirani haichelewi kufika huku. Watu wakikimbia Nyunzu wanavuka kuja Kabambare. Watu wenye silaha wa Fizi nao wanajua njia hiyo hiyo.

Wenyeji wengi wa Kabambare ni Babangubangu na Babuyu. Kasongo kuna Bazimba, Bakusu, Bangwana na wengine. Kati yao wanaishi watu ambao hesabu yao ni ndogo na sauti yao ni ndogo zaidi.

Wa kwanza ni Batwa, ambao sehemu zingine wanaitwa Bambote. Wengi bado wanawaita «mbilikimo». Neno hilo linawapunguza. Wao wenyewe hawalipendi, na sisi hatulitumii hewani. Sheria ya nchi inawaita wenyeji asilia.

Wa pili ni Banyamulenge na wengine wanaoongea lugha za jamii ya Kinyarwanda, ao wanaodhaniwa tu kuwa ni wao kwa sababu ya sura, urefu ao pua. Hapo hatari ni kubwa, kwa sababu mtu anaweza kuuawa kwa kabila ambalo hata si lake.

Kasongo yenyewe inajua ladha ya kunyimwa. Muji huu ulikuwa ngome ya Tippu Tip na mwanawe Sefu hadi majeshi ya Leopold II yalipouteka mwaka 1893. Baada ya hapo Bangwana, yaani Waislamu wanaoongea Kingwana, walitazamwa na wakoloni kama watu wa kushukiwa. Shule zilikuwa mikononi mwa wamisionari, na mtoto wa Kiislamu alikuwa na shida kubwa ya kusoma bila kubatizwa. Dini yao ilipata kutambuliwa rasmi na serikali katika miaka ya 1970. Wazee wa Kasongo wanaoyakumbuka hayo hawahitaji kufundishwa maana ya kuwa raia wa daraja la pili.

Mambo yanayowapata

Unyanyasaji haufanani kote. Tunaweza kuutazama katika sura tatu.

Sura ya kwanza ni ile ya kila siku, isiyotoa damu na isiyotajwa katika habari. Mtwa analima shamba la mwingine kutwa nzima, jioni analipwa chakula, nguo iliyochakaa ao pombe kidogo. Hana karatasi ya ardhi. Msitu aliozaliwa ndani yake unahesabiwa kuwa wa chifu wa kabila lingine, ao wa kampuni, ao wa hifadhi. Mtoto wake hana cheti cha kuzaliwa, halafu shuleni anachekwa mpaka anaacha. Akiibiwa, anaambiwa aende kwa chifu. Na chifu ndiye ndugu wa mwizi.

Sura ya pili ni vita iliyotokea Tanganyika kati ya Batwa na Baluba. Ilianza mwaka 2013 upande wa Nyunzu, ikaenea Kabalo, Manono na Kalemie. Tarehe 30 Aprili 2015 wapiganaji wa Baluba walishambulia kambi ya wakimbizi wa ndani ya Vumilia 1, karibu na muji wa Nyunzu. Shirika la Human Rights Watch lilihesabu watu wasiopungua 30 waliouawa. Oktoba 2016 moto uliwaka tena Kabalo, na cheche yake ilikuwa kodi iliyotakwa kwa Batwa juu ya viwavi walivyookota. Kwa mtu wa Kinshasa, kodi ya viwavi inaweza kuonekana jambo la kuchekesha. Kwa Mtwa, kiwavi ndicho chakula na ndicho mfuko wake wa pesa.

Hapa lazima tuseme ukweli wote. Vikundi vya Batwa wenye silaha navyo vimeua, vimebaka na kuchoma vijiji vya Babantu. Wakaaji wa mpaka wa Kabambare na Nyunzu wanayajua hayo vizuri, kwa sababu waliwapokea waliokimbia. Mtu aliyeonewa kwa muda mrefu hapati kwa hiyo ruhusa ya kuonea. Na makosa ya kikundi chenye mishale ao bunduki hayawezi kuwa mzigo wa mama Mtwa anayeuza kuni sokoni.

Sura ya tatu ni chuki inayosambazwa. Juni 2022, wakati vita ya M23 ilipopamba moto Kivu Kaskazini, mtu mmoja aliuawa na umati huko Kalima, katika jimbo letu hili la Maniema, kwa kuwa alichukuliwa kuwa Mnyamulenge. Mwili wake ulichomwa moto. Kalima iko mbali na uwanja wa vita. Bunduki haikufika, yaliyofika ni maneno, kwa simu na kwa midomo. Novemba mwaka huo, Alice Nderitu, Mkenya aliyekuwa mshauri maalumu wa Umoja wa Mataifa juu ya kuzuia mauaji ya kimbari, alionya wazi juu ya hali ya mashariki ya Kongo na matamshi ya chuki.

Juu ya hayo yote kuna watu wenye silaha ambao hawachagui kabila. Salamabila, kwenye dhahabu ya Namoya, Mai-Mai Malaika wamekuwa wakisumbua kampuni, wachimbaji na wakaaji kwa miaka. Pale ambapo kila mtu ana hofu, mwenye kabila dogo ndiye wa mwisho kusikilizwa.

Sheria ya nchi inasema nini?

Wengi wanafikiri kwamba Kongo haina sheria juu ya mambo haya. Si kweli. Sheria ziko, na zingine ni za zamani.

Amri-sheria namba 66-342 ya tarehe 7 Juni 1966 inaadhibu ubaguzi wa rangi na ukabila. Mtu anayeonyesha chuki ya kikabila kwa maneno, kwa tendo ao kwa maandishi anaweza kufungwa. Sheria hiyo ilikuwapo kabla ya simu za mkononi, lakini inahusu pia sauti inayotumwa kwenye WhatsApp.

Katiba ya 2006, kifungu cha 51, inaipa serikali wajibu wa kulinda na kuendeleza vikundi dhaifu na makabila madogo yote. Sheria ya uraia namba 04/024 ya tarehe 12 Novemba 2004 inatambua kuwa Wakongomani watu wa makabila ambayo watu wao na ardhi yao vilikuwa sehemu ya nchi wakati wa uhuru. Ilikuja kutuliza fujo iliyoletwa na sheria ya 1981, ambayo iliwaacha wengi wanaoongea Kinyarwanda bila uraia wa hakika.

Sheria namba 22/030 ya tarehe 15 Julai 2022 ni ya Batwa na wenyeji asilia wengine. Inatambua haki yao juu ya ardhi na maliasili ya mahali wanapoishi, inataka waulizwe kabla ya mradi kuwagusa, na inataka masomo, matibabu na mahakama viwe rahisi kwao kufikia. Ni sheria ambayo mashirika ya kiraia yaliiomba kwa miaka mingi. Tatizo ni kwamba sheria iliyoandikwa kwa Kifaransa haifiki yenyewe kijijini. Inahitaji mtu wa kuieleza kwa chifu, kwa mwalimu, kwa polisi, na kwa Mtwa mwenyewe.

Na kwa makosa makubwa kabisa, yaani mauaji ya kimbari na makosa dhidi ya ubinadamu, sheria namba 15/022 ya tarehe 31 Desemba 2015 iliyaingiza ndani ya kitabu chetu cha adhabu. Kesi ya mapigano ya Batwa na Baluba ilifika Mahakama ya Rufaa ya Lubumbashi, na watu wa pande zote mbili walisimama mbele ya majaji. Hiyo inaonyesha kwamba inawezekana. Lakini kutoka Nyunzu hadi Lubumbashi ni safari ambayo shahidi maskini hawezi kuilipa.

Ukanda umefanya nini?

Kongo ni mwanachama wa jumuiya nyingi kuliko jirani zake karibu wote. Tuziangalie moja moja, kwa swali moja tu: mkaaji wa Kabambare anaweza kuingia kwa mlango gani?

Mkutano wa Kimataifa wa Maziwa Makuu, CIRGL. Nchi zake zilitia sahihi mkataba wa usalama na maendeleo huko Nairobi tarehe 15 Desemba 2006. Ndani yake mna itifaki nzima juu ya kuzuia na kuadhibu mauaji ya kimbari na ubaguzi wa kila namna, na mwaka 2010 kamati ya ukanda ya kuisimamia ilianzishwa. Kwa maandishi, hakuna kitu kizuri zaidi. Lakini kamati si mahakama. Haipokei shauri la mtu na haitoi hukumu.

Jumuiya ya Afrika Mashariki, EAC. Kongo ilitia sahihi kuingia tarehe 8 Aprili 2022. Miezi michache baadaye jeshi la jumuiya lilifika Kivu Kaskazini, na Desemba 2023 likaondoka bila serikali yetu kutaka liendelee. Kazi yake ilihusu M23 na mstari wa vita. EAC ina pia mahakama yake Arusha, na mkaaji yeyote wa nchi mwanachama anaweza kuishitaki serikali pale, bila kwanza kumaliza mahakama za nyumbani. Huu ni mlango wa kweli. Ila una kasoro mbili. Ya kwanza: mkataba haujaipa mahakama hiyo mamlaka kamili juu ya haki za binadamu, majaji hupita kwa njia ya utawala wa sheria na utawala bora. Ya pili: shauri lazima lipelekwe ndani ya miezi 2 tangu tendo litokee ao tangu mlalamikaji alijue. Mtu aliyekimbilia porini anaweza kutumia miezi hiyo 2 kutafuta watoto wake tu.

Jumuiya ya Kusini mwa Afrika, SADC. Nayo ilituma askari wa Malawi, Afrika Kusini na Tanzania, tangu Desemba 2023 hadi viongozi walipomaliza kazi yao Machi 2025. Hao pia walipelekwa Kivu Kaskazini. SADC ilikuwa na mahakama Windhoek ambapo raia aliweza kushitaki. Baada ya wakulima wa Zimbabwe kushinda kesi dhidi ya serikali yao, viongozi waliisimamisha mwaka 2010. Itifaki mpya ya 2014 iliacha kesi za nchi kwa nchi tu. Hapo mlango haukuharibika wenyewe; ulifungwa kwa makusudi.

Umoja wa Afrika. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu iko pia Arusha. Kongo imeikubali, lakini haijatoa tamko la kuruhusu mtu binafsi kuifikia moja kwa moja. Kwa hiyo inabaki Tume ya Afrika, iliyoko Banjul, Gambia. Huko kuna mfano unaotugusa: Batwa waliofukuzwa kwenye hifadhi ya Kahuzi-Biega, Kivu Kusini, katika miaka ya 1970. Mashirika yao yalipeleka shauri mwaka 2015. Tume iliwapa haki na kutaka warudishiwe ardhi, walipwe fidia na kuombwa msamaha. Uamuzi ulitangazwa mwaka 2024. Ni ushindi mkubwa, na uliwachukua miaka 9. Lakini tume inatoa mapendekezo. Haina polisi wa kuyatekeleza.

Na Umoja wa Mataifa? MONUSCO iliondoka Tanganyika mwaka 2022 na Kivu Kusini mwaka 2024. Majirani wawili wa Kabambare, basi, walibaki bila kofia za buluu. Februari 2025, baada ya Goma kuanguka, Baraza la Haki za Binadamu la Geneva liliamua uchunguzi ufanyike juu ya makosa katika Kivu Kaskazini na Kivu Kusini. Jina la Maniema halimo.

Kwa nini majibu ni dhaifu?

Ukiyatazama haya yote pamoja, unaona sababu zinazorudi.

Kwanza, jumuiya za ukanda ni vikao vya marais. Katika EAC, wakuu wa nchi huamua kwa kukubaliana wote. Nchi inayolaumiwa imekaa kwenye meza ile ile, na sauti yake inatosha kuzuia. Kila mmoja anaogopa kwamba akifungua faili la makabila madogo ya jirani, kesho litafunguliwa la kwake.

Pili, wanatazama mipaka na majeshi. Mazungumzo ni juu ya Kigali na Kinshasa, juu ya M23 na FDLR. Hayo ni makubwa, hakuna anayekataa. Lakini Mtwa wa Kabambare haonewi na jeshi la kigeni. Anaonewa na jirani, chifu ao kikundi cha vijana wa kijiji cha pili. Shida yake haina nafasi kwenye ajenda.

Tatu, chuki ya kabila imekuwa silaha katika mabishano ya serikali. Nchi moja inasema inawatetea Batutsi wa Kongo. Nyingine inajibu kwamba hiyo ni sababu ya kuvamia. Katikati, Mnyamulenge wa kawaida anapoteza mara mbili: jirani anamwona adui, na mateso yake yanageuzwa kuwa hoja ya wanasiasa. Kuna kosa ambalo watu wengi wanafanya hapa. Kulaani uvamizi na kumlinda jirani anayeongea Kinyamulenge havipingani. Mtu anaweza kufanya yote mawili, na sheria yetu inataka yote mawili.

Nne, hakuna karatasi. Mambo ya Goma yana waandishi, makamera na mashirika. Mambo ya kusini ya Maniema yanakwama kwenye barabara mbovu na mitandao isiyoshika. Tume ya Banjul ao Arusha haiwezi kuhukumu jambo ambalo halikuandikwa popote.

Mkaaji afanye nini?

Sababu tatu za kwanza ziko mbali na mikono yetu. Ya nne iko karibu. Haya ndiyo mambo ya msingi.

Andika mapema. Tarehe, saa, mahali, nini kilitokea, nani aliona, waliofanya walivaa nini na waliongea lugha gani, nani alikuwa mkubwa wao. Andika ulichoona wewe, mbali na ulichosikia. Weka nakala mahali pengine, kwa mtu unayemwamini, kwa maana nyumba inaweza kuchomwa.

Nenda hospitali. Aliyebakwa anapaswa kufika kituo cha afya ndani ya saa 72 ili apate dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI. Karatasi ya daktari ni ushahidi pia. Hata saa hizo zikipita, aende. Bado kuna matibabu na msaada.

Peleka shauri. Raia wa kawaida anashitakiwa kwenye parke. Askari anashitakiwa kwa oditora, yaani mwendesha mashtaka wa kijeshi. Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu, CNDH, iliyoundwa kwa sheria ya 2013, na ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa vinapokea malalamiko bila malipo. Omba karatasi inayoonyesha kwamba ulifika. Tume ya Afrika inataka kuona kwamba ulijaribu kwanza nyumbani, ao kwamba haikuwezekana.

Hesabu siku. Wanasheria na mashirika ya kiraia wanaofikiria Arusha wakumbuke miezi 2 ya mahakama ya EAC, na waanze kazi wiki ya kwanza.

Linda majina. Usitume picha wala jina la mhanga ao shahidi kwenye makundi ya WhatsApp. Faili nzuri imewahi kuuawa na mtu aliyetaka tu kusaidia.

Zuia neno kabla halijawa panga. Ukipokea sauti inayosema kabila fulani liondoke ao limalizwe, usiipeleke mbele. Mwaka 1994 Rwanda iliona kazi ya redio RTLM, na Desemba 2003 mahakama ya kimataifa ya Arusha iliwahukumu watu wa vyombo vya habari kwa maneno yao. Sisi wa redio tunakumbuka hilo kila tunapofungua mikro.

Jambo la mwisho ni la machifu, wachungaji na maimamu wa Kasongo na Kabambare. Mahakama za Arusha zinaweza kuchukua miaka. Lakini Mtwa kulipwa pesa badala ya pombe, mtoto wake kuandikwa shuleni, mgeni kupita kwenye kizuizi bila kupimwa pua: hayo hayangoji kikao cha marais. Yanaweza kuamuliwa kijijini, wiki hii.